Seva moja, majina chungu nzima kwenye logi: kwa nini MariaDB bado inajiita mysqld?

#1 Mlinzi_wa_Seva (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Natunza seva za Sacco moja hapa Kisumu na kuna jambo limenikaa kooni, nimeona nililete kwa wanaoelewa.

Tulihamisha seva ya hifadhidata kutoka Debian 10 hadi Debian 11 (Debian ni mfumo endeshi wa Linux). MariaDB, programu ya hifadhidata iliyotokana na MySQL, ikapanda kutoka 10.3 hadi 10.5. Data ilihama salama, mfumo ukafunguka, watu wakaenda zao. Jumatatu umeme ukapotea, betri ikaisha kabla jenereta haijashika, seva ikazimika. Ilipowaka tena, hifadhidata ilianza ikafia njiani. Skripti ya tahadhari tuliyoachiwa na mkandarasi wa zamani haikutuma hata ujumbe mmoja. Habari tulizipata kaunta, kwa mama aliyekuja kutoa pesa za karo akaambiwa mfumo uko chini.

Nikaifungua skripti. Inafanya hivi: inasoma logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya seva; ikiona `/usr/sbin/mysqld` (jina la seva tangu enzi za MySQL) inaanza, inahesabu dakika tano, isipoona `ready for connections` ndani ya muda huo inapiga kengele. Sasa tazameni logi ya seva mpya siku ikiwa nzima:

```
[Note] /usr/sbin/mariadbd (mysqld 10.5.15-MariaDB-0+deb11u1) starting as process 894 ...
[Note] InnoDB: 10.5.15 started; log sequence number...
[Note] /usr/sbin/mariadbd: ready for connections.
Version: '10.5.15-MariaDB-0+deb11u1'  socket: '/run/mysqld/mysqld.sock'  port: 3306  Debian 11
```

Mstari wa kwanza peke yake una mariadbd, mysqld na MariaDB. Wa pili anajitokeza InnoDB, injini ya kuhifadhi data ndani ya seva, na namba ileile ya toleo kana kwamba naye ndiye seva. Wa mwisho soketi, yaani faili ambalo programu nyingine hupitia kuongea na seva, bado ni mysqld. Skripti ilikuwa inangoja jina ambalo halikuja, kwa hiyo haikuona kitu kimeanza, na haikuwa na cha kuhesabia dakika.

Swali langu: nani anaamua seva ijiite nani kwenye logi? Mimi nashikilia kwamba programu inayobeba pesa za watu inapaswa kuwa na jina moja pale inapojitambulisha. Nisikie kwenu.

#2 Section58 (Nakuru)

Pole sana kwa Jumatatu hiyo. Jibu fupi: kuanzia 10.5 jina la programu lenyewe lilibadilishwa. Zamani faili halisi lilikuwa `mysqld`. Sasa halisi ni `mariadbd` na `mysqld` imebaki simlinki tu, yaani jina linaloelekeza kwenye faili jingine. Ni hivyo pia kwa wenzake: `mysqldump` sasa ni `mariadb-dump`, `mysqladmin` ni `mariadb-admin`. Majina ya zamani yanafanya kazi lakini ni vivuli.

#3 FundiKakamega

Na systemd, inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux, nayo ina yake. Huduma ni `mariadb.service` lakini ukiandika `systemctl restart mysql` inakubali, kwa sababu kuna jina la pili limewekwa. Mimi nafunga mifumo ya shule huku Kakamega na Vihiga, kila mwalimu wa kompyuta anaiita MySQL. Hakuna anayejua ni MariaDB mpaka nimwonyeshe.

#4 MzeeWaReli (Nakuru)

Vijana, hapa historia inahitajika kidogo. MySQL ilizaliwa Sweden, na mwanzilishi wake mkuu, Michael Widenius ambaye wote wanamwita Monty, ni Mfini. Oracle walipoinunua MySQL mwaka 2008, Monty akaona mradi utakufa, akachukua msimbo wote akaanzisha MariaDB, akaipa jina la mke wake. Kwa hiyo msimbo wa MariaDB ni wa MySQL uliobadilishwa kidogo kidogo. Maelfu ya mistari iliandikwa wakati jina lilikuwa moja tu. Nani angekaa kupekua kila mstari? Ndiyo sababu mysqld inatokeza kichwa kila mahali.

#5 Nyar_Ugenya (Siaya)

Mzee wangu, shikamoo. Naomba nirekebishe mambo mawili. Mwaka 2008 walionunua MySQL ni Sun, kwa karibu dola bilioni moja. Oracle walitangaza kuinunua Sun Aprili 2009 na wakakamilisha Januari 2010; MariaDB ilianzishwa 2009, katikati ya shughuli hizo. Pili, Maria si mke, ni binti yake mdogo. Binti mkubwa anaitwa My, na ndiye "My" wa MySQL.

Ila hoja yako ya msimbo wa zamani naiunga mkono.

#6 MzeeWaReli (Nakuru)

Marahaba binti yangu. Asante kwa marekebisho, nimeyapokea.

#7 PostgresTu (Bungoma)

Ndugu zangu, haya yote ni mateso ya kujitakia. Hamieni PostgreSQL, hifadhidata nyingine. Logi inasema `starting PostgreSQL`, halafu `database system is ready to accept connections`. Jina moja, kwisha habari.

#8 BintiMaseno

Samahani wakubwa, mimi bado mwanafunzi. Hili jambo linatuchanganya hata darasani. Tunatumia XAMPP, kifurushi chenye seva ya tovuti na hifadhidata pamoja, kwenye Windows. Paneli yake imeandikwa MySQL. Ikikataa kuwaka inasema `Error: MySQL shutdown unexpectedly`. Ukifungua logi, faili linaitwa `mysql_error.log`. Halafu ukikosea SQL, seva inakujibu usome mwongozo wa `your MariaDB server version`. Sasa nisome mwongozo wa nani?

#9 Nyar_Ugenya (Siaya)

@BintiMaseno swali lako ni zuri sana, usiombe samahani. XAMPP waliiondoa MySQL wakaweka MariaDB mwaka 2015, lakini kitufe kwenye paneli kikabaki na jina la zamani. Kwa hiyo paneli inakuambia jina la kitufe, seva inakuambia jina lake. Amini seva. Andika `SELECT VERSION();` na ukiona neno MariaDB ndani ya jibu, soma mwongozo wa MariaDB.

#10 Section58 (Nakuru)

Turudi kwa #1, maana jibu langu la #2 halitoshi. Mlinzi aliuliza nani anaamua. Leo mchana nimejaribu kwenye mashine ya majaribio yenye Debian 11 hiyohiyo.

Nimeizima huduma, nikaiwasha kwa mkono kwa kuita `/usr/sbin/mariadbd`. Logi ikaandika `/usr/sbin/mariadbd: ready for connections`. Nikaizima. Nikaiwasha tena kwa kuita simlinki, yaani `/usr/sbin/mysqld`. Faili lilelile, toleo lilelile. Logi ikaandika `/usr/sbin/mysqld: ready for connections`.

Yaani pale mwanzo wa mstari hakuna jina la bidhaa kabisa. Seva inachapisha njia uliyoitumia kuiita. Ndani ya msimbo kuna kigezo kinaitwa `my_progname`, kinashika neno la kwanza la amri iliyoiamsha programu. Lakini yale maneno ya kwenye mabano, `(mysqld 10.5.15...)`, hayakubadilika nilipoita kwa mariadbd wala nilipoita kwa mysqld. Hayo yameandikwa kwa mkono ndani ya msimbo.

Kwa hiyo mstari wa kwanza una vyanzo vitatu: njia ya kuita, neno lililokazwa na mtu miaka mingi nyuma, na namba ya toleo iliyotengenezwa wakati wa kujenga kifurushi. Vitatu hivyo havijuani.

#11 Mlinzi_wa_Seva (Kisumu)

Section58, hii ni dhahabu. Nilidhani kuna mtu kakaa mahali akaamua. Kumbe hakuna aliyeamua. Na hilo ndilo linanisikitisha zaidi, kwa sababu msomaji wa logi saa nane usiku anaamini kwamba kila neno pale limewekwa kwa makusudi.

#12 Lanet_Noc (Nakuru)

Sikubaliani na "hakuna aliyeamua". Wameamua, na sababu ni moja: kutovunja skripti za watu. MariaDB ilijitangaza tangu mwanzo kama kitu unachokitoa MySQL ukakiweka pale pale na kila kitu kikaendelea. Ukiahidi hivyo, huwezi kubadilisha `/run/mysqld/mysqld.sock`, kwa sababu kila programu ya PHP nchini inaigonga soketi hiyo. Huwezi kumbadilisha mtumiaji `mysql` wa mfumo, kwa sababu mafaili yote ya data ni mali yake. Huwezi kubadilisha hata ile hifadhidata ya ndani inayoitwa `mysql`. Hapo umebeba jina la mwenzako hadi kaburini.

Skripti yako ilivunjika pale walipothubutu kubadilisha jina moja. Fikiria wangebadilisha yote siku moja.

#13 Mlinzi_wa_Seva (Kisumu)

Lanet, wangebadilisha yote siku moja ningejua siku hiyohiyo, kwa sababu hakuna ambacho kingewaka. Mabadiliko ya nusu ndiyo yanayokuacha ukidhani uko salama.

#14 Wakili_wa_Kodi (Nakuru)

Mmeacha upande wa sheria. Jina MySQL ni alama ya biashara ya Oracle. Mradi mwingine ukiendelea kujiita kwa alama hiyo kwenye kila ujumbe, hata kama msimbo ni huria, unajiweka pabaya. Leseni ya GPL inakupa msimbo, haikupi jina. Mimi naona mabadiliko ya taratibu kuelekea `mariadb-` kila mahali yanasukumwa zaidi na hilo kuliko na usafi wa logi.

#15 FundiKakamega

Sasa Wakili, kama ni sheria, mbona soketi wameiacha? Mbona `/etc/mysql/` iko pale pale? Miaka zaidi ya kumi na hakuna aliyeshtakiwa.

#16 Wakili_wa_Kodi (Nakuru)

Njia ya faili haimtangazii mteja bidhaa. Ujumbe unaosomwa na mtu ni jambo jingine. Ndiyo sababu nasema wanaanza na yanayosomwa.

#17 Nyar_Ugenya (Siaya)

Hilo linakaribiana na ninachokiona kwenye hospitali ninayoihudumia. Ujumbe uliokuwa maarufu kuliko wote, `MySQL server has gone away`, kwenye maktaba mpya za msimbo za MariaDB umekuwa `Server has gone away`. Na ule wa soketi, `Can't connect to local MySQL server through socket`, umekuwa `Can't connect to local server through socket`. Wamelitoa jina na hawakuweka jingine. Kwangu mimi hiyo ni busara ya mtu anayejua kwamba mteja anaweza kuwa anaongea na seva ya yeyote kati ya hao wawili, maana lugha wanayozungumza kwenye poti 3306 inakaribia kuwa moja.

Lakini sasa ukitafuta kwenye logi za mfumo wa malipo kwa neno MySQL, nusu ya makosa hayaonekani.

Na @PostgresTu wa #7, nimekuacha kwa heshima ila siwezi kukuacha moja kwa moja. PostgreSQL nayo ina majina yake. Mradi ulianza Berkeley mwaka 1986 kwa jina POSTGRES, ukawa Postgres95, ukawa PostgreSQL mwaka 1996. Programu inaitwa `postgres`, faili lake la namba ya mchakato bado ni `postmaster.pid`, na chombo cha kuandikia amri ni `psql`. Na kabla ya toleo la 10, la mwaka 2017, saraka ya kumbukumbu za miamala iliitwa `pg_xlog`. Unajua ni watu wangapi waliona neno log, diski ikiwa imejaa, wakaifuta? Kuna hospitali moja ilipoteza rekodi za wagonjwa kwa njia hiyo kabla sijaanza kazi pale. Mtu alisoma jina akaliamini. Ndiyo maana waliibadilisha ikawa `pg_wal`, na `pg_clog` ikawa `pg_xact`.

#18 PostgresTu (Bungoma)

Dada, hilo la pg_xlog nalikubali bila ubishi. Lakini ona tofauti: wao walikiri tatizo la jina, wakalibadilisha kwenye toleo moja kubwa, wakaliandika kwenye maelezo ya toleo. Skripti zilizovunjika zilivunjika kwa kelele. Nadhani ndicho Mlinzi anachokililia kwenye #13.

#19 Lanet_Noc (Nakuru)

Kwa kelele au kwa kimya, zilivunjika. Nimezisahihisha nyingi kwa mikono hii.

#20 Kondele_Usiku (Kisumu)

Mnajua mji wetu huu reli ilipofika 1901 uliitwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi wa reli? Ramani za zamani zina Port Florence, barua zina Kisumu, na hakuna treni iliyopotea njia kwa sababu hiyo. Watu walijua ni palepale ziwani. Jina likibadilika polepole watu huzoea.

#21 MzeeWaReli (Nakuru)

Kondele, umenigusa kwenye reli yangu. Lakini stesheni masta alikuwa na kitabu kimoja cha majina ya stesheni, na kila dereva alikuwa na nakala yake. Hakuwa akibahatisha. Na ninyi wa Kisumu msijisifu kuhusu majina, sisi Nakuru tumekuwa jiji tangu 2021 na bado mnatuita taoni.

#22 Section58 (Nakuru)

Mzee, tangu lini taoni ikawa tusi? Mimi mwenyewe nikienda kununua kebo nasema nakwenda taoni.

#23 Mlinzi_wa_Seva (Kisumu)

Ndugu zangu turudi kwenye seva. Kondele, treni ina dereva mwenye macho. Skripti ina herufi tu. `mysqld` na `mariadbd` kwake ni vitu viwili visivyohusiana kabisa.

#24 Busia_Mpakani

Nimesoma uzi wote. Mlinzi, naomba nikuulize jambo ambalo sijaona mtu ameuliza. Una hakika skripti ilishindwa kwa sababu ya jina? Kwenye Debian 11 mipangilio inayokuja na MariaDB haiandiki tena kwenye `/var/log/mysql/error.log`. Mstari wa `log_error` umezimwa na ujumbe wote unaenda kwenye jarida la systemd. Kama skripti yako inasoma lile faili, huenda faili lilikuwa tupu tu, na jina halina kosa lolote.

#25 Lanet_Noc (Nakuru)

Eeh! Busia umepiga pale pale. Mimi ningeanzia hapo.

#26 Mlinzi_wa_Seva (Kisumu)

Busia, swali zuri na nililikagua. Wakati wa kupandisha toleo tuliamua kubaki na faili letu la zamani la mipangilio, na ndani yake `log_error` bado imewashwa. Faili lina ujumbe wote, ndiko nilikonakili ile mistari ya #1. Kwa hiyo kwetu sisi ni jina.

#27 Busia_Mpakani

Sawa. Ila ungechukua mipangilio mipya ingekuwa logi. Yaani kwenye toleo moja kulikuwa na mitego miwili, na wewe ulinaswa na mmoja kwa sababu ulikwepa mwingine. Mtu mwingine akija kusoma hapa asifikiri kurekebisha jina pekee kunamtosha.

#28 FundiKakamega

Hapo nakuunga mkono asilimia mia. Shule tatu nilizopandisha mimi zote zilikuwa na faili tupu.

#29 Section58 (Nakuru)

Nimeendelea kuchimba, kwa sababu jambo hili limeniingia. Nimelinganisha ule mstari wa kwanza kwenye matoleo niliyo nayo:

10.3: `/usr/sbin/mysqld (mysqld 10.3...-MariaDB...) starting as process`
10.5: `/usr/sbin/mariadbd (mysqld 10.5...-MariaDB...) starting as process`
10.6 za mwanzo: `/usr/sbin/mariadbd (server 10.6...-MariaDB...) starting as process`
10.11: `Starting MariaDB 10.11... source revision ... as process`

Kwa hiyo kuna mtu kule ndani anajali, maana kwenye 10.6 neno mysqld lilitolewa likawekwa "server", na mwishowe sentensi yote ikaandikwa upya ikimtaja MariaDB wazi. Ila kwa anayesoma logi kwa skripti, hizo ni sura nne za mstari mmoja. Kila walipousafisha, waliuvunja upya.

Na ujumbe wa kuanguka, ule wa `mysqld got signal 11`, kwenye 10.5 unaandikwa hivyo hata kama umeiita mariadbd. Nimeuona kwa macho yangu: mstari wa kuanza unasema mariadbd, mstari wa kufa unasema mysqld. Ukiusoma haraka unadhani kuna seva mbili kwenye mashine, moja imewaka, nyingine imekufa.

#30 Nyar_Ugenya (Siaya)

Section58, hicho cha mwisho ndicho kikubwa kuliko vyote vilivyosemwa humu. Daktari wa zamu hawezi kusubiri mimi nitafakari kama zilikuwa seva mbili. Na kwenye mashine zetu kweli ziko mbili! Tuna MySQL 8 ya mfumo wa maabara na MariaDB ya mfumo wa wagonjwa, zote kwenye mashine moja kwa poti tofauti. Nikikuta `mysqld got signal` kwenye logi zilizokusanywa mahali pamoja, neno lenyewe haliniambii ni ipi. Inabidi nifuate namba ya mchakato mpaka nyuma.

#31 MzeeWaReli (Nakuru)

Na InnoDB mmemsahau. Mlinzi alilalamika kwamba anajitokeza kana kwamba ndiye seva. Huyu alikuwa bidhaa kamili yenye kampuni yake, Innobase ya Finland, na Oracle waliinunua mwaka 2005, kabla hata ya kuipata MySQL. Hapa mwaka nina hakika nao, binti yangu wa Siaya anaweza kuthibitisha. Ndiyo maana kila ujumbe wake una lebo yake mwenyewe: aliandikwa na watu wengine, nyumba nyingine. Tena MariaDB hadi 10.1 ilikuwa ikitumia XtraDB, InnoDB iliyoboreshwa na kampuni ya Percona, mahali pa InnoDB ya kawaida, na bado ujumbe ulianza na neno `InnoDB:`, kisha ndani yake ukataja Percona XtraDB.

Na kuna Aria. Injini hiyo iliitwa Maria. Walipoona seva inaitwa MariaDB na injini inaitwa Maria, wakabadilisha ya injini. Kwa hiyo hao watu tatizo la majina kugongana wanalijua tangu zamani.

#32 Nyar_Ugenya (Siaya)

Nathibitisha, Mzee. 2005.

#33 Lanet_Noc (Nakuru)

Msidhani ni ugonjwa wa MariaDB peke yake. Redis, hifadhidata nyingine, ilipobadilisha leseni mwaka 2024, watu wakajitenga wakaunda Valkey chini ya Linux Foundation. Logi ya Valkey inasema `Valkey is starting`, safi kabisa. Lakini ukiiuliza kwa `INFO`, inakupa `redis_version:7.2.4` kwa ajili ya programu za zamani, kisha chini yake `server_name:valkey` na `valkey_version`. Hapo ndipo naona wamefanya vizuri: jina la zamani liko kwenye sehemu yake, la kweli liko kwenye sehemu yake, na kila moja lina lebo. Huhitaji kubahatisha.

#34 Mlinzi_wa_Seva (Kisumu)

Lanet, hapo umenisogeza. Kumbe jina la zamani linaweza kubaki, mradi liwe na lebo. Hilo naweza kuishi nalo.

#35 BintiMaseno

Nina swali jingine. Ujumbe wa makosa unaweza kuwekwa kwa lugha nyingine, sivyo? Jina nalo linabadilika?

#36 Section58 (Nakuru)

Ujumbe wa makosa uko kwenye faili moja kubwa lenye lugha nyingi, na Kiswahili nacho kimeingia humo kwenye matoleo mapya ya MariaDB. Jina la bidhaa liko ndani ya sentensi ya kila lugha, kwa hiyo mtu akisafisha la Kiingereza asiguse mengine, unabaki na tofauti juu ya tofauti. Ila mstari wa kuanza na wa kuanguka hauko humo wote, mwingine umeandikwa moja kwa moja kwenye msimbo.

#37 Kondele_Usiku (Kisumu)

Kwa hiyo tumefikia wapi? Ni historia, ni sheria, ni kuogopa kuvunja skripti, ni simlinki, au ni watu tofauti walioandika sehemu tofauti?

#38 Wakili_wa_Kodi (Nakuru)

Sheria.

#39 Lanet_Noc (Nakuru)

Skripti za watu. Nimeshasema.

#40 PostgresTu (Bungoma)

Mimi nasema ni kukosa mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema ujumbe uandikwe hivi. Msimbo una waandishi wengi, logi haina mhariri.

#41 FundiKakamega

Mimi sitasubiri mwafaka. Nimeacha kabisa kusoma logi ili kujua kama seva iko hai. Kila dakika naita `mariadb-admin ping`. Isipojibu, simu inalia. Pale ambapo kifurushi ni cha zamani naita `mysqladmin ping`. Logi naisoma baadaye, kutafuta sababu.

#42 Busia_Mpakani

Fundi, angalia kontena, yaani programu iliyofungwa pamoja na vyote inavyohitaji. Picha rasmi (vifurushi vya kuanzishia kontena) za MariaDB kuanzia 11.0 hazina tena majina ya `mysql` ndani. Ukiita `mysqladmin` pale unaambiwa amri haipo, na skripti yako itapiga kengele usiku kucha wakati seva ni nzima.

#43 FundiKakamega

Asante, hilo sikulijua. Nitaita la mariadb kwanza.

#44 Mlinzi_wa_Seva (Kisumu)

Nimeshabadilisha kwetu kama Fundi alivyosema, na skripti ya zamani nimeistaafisha. Lakini bado sitaki jambo hili liishie kwenye seva yangu. MySQL 8 inaweka namba kwenye kila ujumbe. Ule wa kuwa tayari ni `MY-010931`, na namba hiyo haibadiliki hata maneno yakiandikwa upya. Nataka kufungua ripoti kwenye Jira ya MariaDB, mfumo wao wa kupokea ripoti, niombe kitu cha namna hiyo kwa mistari mitatu tu: kuanza, kuwa tayari, kuanguka. Waite seva wapendavyo, ila watupe namba ya kushika.

#45 Lanet_Noc (Nakuru)

Ukifungua niwekee kiungo, nitaipigia kura. Ila waambie wasiguse maneno yaliyopo kwenye matoleo yanayoendelea. Kuna watu wanayategemea.

#46 Nyar_Ugenya (Siaya)

Ongeza na logi ya maswali ya polepole, yaani amri za hifadhidata zinazochukua muda mrefu. Mstari wake wa kwanza ni `/usr/sbin/mysqld, Version: ... started with:` au `/usr/sbin/mariadbd, Version: ...`, kutegemea ilivyoitwa. Zana ya kuchambua tunayotumia hospitalini iliuruka mstari huo kwa kuutambua kwa jina, na tulipopandisha toleo ikaanza kuuhesabu kama swali.

#47 Mlinzi_wa_Seva (Kisumu)

Naongeza. Section58, nitumie matokeo yako ya #10 na ile orodha ya #29 kama yalivyo, na matoleo kamili ya vifurushi. Bila hayo watanijibu kwamba ni mipangilio yangu.

#48 Section58 (Nakuru)

Yako kwenye ujumbe wako wa faragha. Nimeweka na ya 10.4, angalia mstari wa pili.